Kamera ya filimu Mombasa: isikilize kwanza kabla hujaipeleka kwa fundi

Naulizwa sana kama kamera hizi za zamani, za gia na springi, zataka servisi kila mwaka kama gari. Mimi nasema ikiwa yafanya kazi wacha kuifungua. Pentax K1000 ya marehemu babangu niliipeleka kwa fundi ikiwa nzima kabisa, nikamwambia aiangalie tu, ikarudi skrubu zimelika vichwa na mita ya mwanga imekufa. Iliniuma mno.

Unachotakiwa kufanya ni kuipima mwenyewe kila mwezi. Ikiwa haina filimu, fungua mgongo, weka spidi ya sekunde moja, bonyeza. Utasikia gia ndogo zinalia zzzzz sawasawa mpaka shata, yale mapazia yanayofunguka kuingiza mwanga kwenye filimu, ifunge. Ikisita katikati ama ikivuta mpaka karibu sekunde mbili, mafuta ya ndani yameganda, hapo sasa fundi ni lazima. Halafu panda spidi zote mpaka 1/1000 ya sekunde, toa lenzi, elekeza ukuta mweupe wenye mwanga na uchungulie kwa nyuma, ukiona upande mmoja una giza basi mapazia ya shata hayaendi pamoja na picha zitatoka nusu. Na hilo zoezi lenyewe ni dawa manake kamera inayolala kabatini ndiyo hukwama. WD-40 usipulize hata kidogo, hutambaa mpaka kwenye lenzi.

Sponji nyeusi za mlango wa nyuma, zile za kuzuia mwanga, zikinata kidoleni kama lami, kwangua polepole na kijiti cha meno, bandika mpya. Hiyo haitaki fundi, chunga tu uchafu usiangukie shata.

Kinachoua kamera huku kwetu hasa ni unyevu na chumvi. Kifuko cha ngozi kiweke mbali, kuvu hupenda humo. Tumia mkebe wa plastiki unaofunga kabisa pamoja na vile vipakiti vya jeli vinavyokuja na viatu, vikishashiba unyevu ubadilishe. Masika ikianza fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, mulika na tochi ya simu, ukiona nyuzi kama utando wa buibui ipeleke haraka manake kuvu ikishakula kioo alama haitoki tena. Na ukitoka kupiga picha kwenye feri ya Likoni upepo wa kusi ukivuma, ipanguse na kitambaa kikavu kabla hujaifungia.

Ila kamera iliyolala miaka kumi na wataka kupigia harusi, hiyo servisi kwanza, kisha piga rolo moja ya majaribio, ioshwe, uione kwa macho yako kabla hujachukua pesa za watu.