Ugonjwa wa siliaki: kupima na kula salama Nyanda za Juu Kusini

Usiache ngano kabla ya kupima. Siliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, ikikutana na gluteni (protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, nafaka inayofanana na ngano), hushambulia utumbo mwembamba na kuharibu vinyweleo vinavyofyonza chakula. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili za mashambulizi hayo. Ukishaacha ngano zinapungua, na majibu yanaweza kuonyesha huna ugonjwa kumbe unao. Kula chenye gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa angalau wiki 6 kabla ya kutoa damu. Kama ulishaacha na ukirudia unaumwa sana, muone daktari kwanza.

Anayefaa kupimwa si anayeharisha tu. Yupo mtoto aliyedumaa au asiyeongezeka uzito, mtu ambaye upungufu wa damu unarudi kila vidonge vya madini ya chuma vikiisha, mwenye vipele vya kuwasha viwikoni na magotini, mwanamke anayeharibikiwa mimba mara kwa mara, na mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa. Minyoo, giardia (kijidudu cha utumbo), TB ya tumbo na VVU navyo huleta dalili kama hizi, kwa hiyo vipimwe pia.

Kipimo kinaitwa tTG-IgA. Omba kiende pamoja na cha jumla ya IgA (aina ya kingamwili), maana mwenye IgA kidogo anaweza kuambiwa hana ugonjwa kumbe anao. Uliza hospitali yako ya wilaya au ya rufaa kama wanakifanya wenyewe au sampuli inapelekwa kwingine. Kwa watu wazima, kawaida hufuata endoskopi: kamera ndogo hupitishwa mdomoni na vinyama vidogo vya utumbo huchukuliwa.

Dawa ni kuacha gluteni maisha yote. Huku kwetu chakula si shida: ugali, wali wa Kyela, viazi vya Njombe, ndizi za Rungwe, mihogo, ulezi, mtama, maharage na njegere havina gluteni. Shida ni vumbi la ngano.

Anza na mashine ya kusaga. Chakula kinachouzwa kama kisicho na gluteni hakitakiwi kuzidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Kijiko kimoja cha chai cha unga wa ngano kina gluteni ya kutosha kuvusha kilo 10 za sembe juu ya kikomo hicho. Mashine iliyotoka kusaga ngano hubakiza zaidi ya hapo kwenye chekecheke na kwenye mfuko wa kupokelea. Tafuta mashine isiyosaga ngano kabisa. Kupitisha kilo chache za mahindi kwanza na kuwapa kuku hupunguza, lakini hakuondoi yote. Nenda na mfuko wako safi.

Unga wa lishe wa dukani uogope zaidi, kwa sababu wengi huchanganya ngano humo. Nunua ulezi, mahindi, soya na karanga, chambua punje moja moja kwenye ungo, kisha sagisha mwenyewe.

Nyumbani, mgonjwa awe na mwiko wake wa mbao, ungo wake na kikaango kisichopikiwa chapati. Sufuria ya bati ikisuguliwa vizuri haina tatizo. Kwa mama ntilie, uliza mafuta ya chipsi yamekaangiwa nini. Yakikaangiwa maandazi au sambusa, acha. Vitumbua vya mchele navyo ulizia, maana wengine huongeza ngano. Sosi ya soya, soseji na viungo vya pakiti soma maandishi yake. Bia ya shayiri haifai. Ulanzi, kwa kuwa ni utomvu wa mianzi, hauna gluteni.

Hostia (mkate wa komunyo) nayo ni ngano, na wengi huisahau. Mkatoliki anaweza kupokea divai peke yake, lakini iwe kwenye kikombe kingine, kwa sababu kile cha padri hutiwa kipande cha hostia. Zungumza naye kabla ya misa.

Maziwa yakikusumbua miezi ya mwanzo, yapunguze. Utumbo ukipona wengi huyarudia. Rudia kipimo cha damu baada ya miezi 6 hadi 12, na uangaliwe madini ya chuma, foleti (vitamini ya kutengeneza damu) na vitamini D. Kwa mtu mzima utumbo unaweza kuchukua miaka 2 au zaidi kupona. Kingamwili zisiposhuka, rudi kukagua unga kwanza.