Kabla surua haijapiga hodi mtaani kwenu

Kadi ya kliniki ikae pamoja na cheti cha kuzaliwa. Ukihama, hama nayo.

Chanjo ya surua ni mara mbili: miezi 9, kisha miezi 18. Hiyo ya pili ndiyo tunayoisahau. Mtoto anatembea, anakula ugali, tunajiona tumemalizana na kliniki.

Uliza mapema chupa ya chanjo inafunguliwa siku gani. Mimi sikuuliza. Chanjo hii huja ya unga, na chupa moja mara nyingi ni ya watoto 10. Ikishachanganywa, ukipita muda wa saa 6 inayobaki inamwagwa, kwa hiyo ukifika peke yako nesi anasita. Niliambiwa, "Mama, rudi Jumatano, watoto watimie." Jumatano tukawa wawili, tukarudishwa. Nauli ya bodaboda mara mbili, genge langu la nyanya limefungwa siku mbili. Mara ya tatu sikwenda. Mwanangu alipofika miezi 13 ikaja homa, kikohozi, macho mekundu, halafu vipele nyuma ya masikio. Jirani akasema surua haitaki sindano, vipele vitarudi ndani. Nikamsikiliza siku mbili nzima, nampa uji. Tulilazwa siku 9 na nimonia. Wangu alipona. Wa kitanda cha pili alitoka amefunikwa khanga.

Siku hizi tunapigiana simu, tunakwenda kina mama watano kwa mpigo. Na ukiwa peke yako, usiondoke kinyonge: Shirika la Afya Duniani linashauri chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja.

Usidhani ni ugonjwa wa enzi za bibi. Kongo, mlipuko ulioanza 2019 uliua zaidi ya watu 6,000, kuliko Ebola iliyokuwapo wakati uleule, na ni Ebola tuliyokuwa tunaiogopa.

Ukiona vipele na homa, nenda kituoni siku hiyohiyo, ila sema mlangoni kabla ya kukaa foleni. Virusi hubaki hewani kwa muda wa hadi saa 2. Ulizia vitamini A, dozi mbili, leo na kesho.

Wageni wa likizo wakija na watoto, ulizia kadi zao, hata wakinuna. Na wa dada wa kazi. Na wale wanaokwenda bweni.