Unahamia Mbeya na mtoto mdogo? Soma hii kabla hujampa dalali hela

Mtu akipata kazi Mbeya swali ni lile lile, nikae mtaa gani, na majibu ni yale yale, kaa Forest, kaa Block T, huko ndo kuna watu. Sawa sipingi, Forest Mpya mitaa inaeleweka, na kodi yake nayo inaeleweka haha. Ila mtaa mzuri kwa kijana anayelala peke yake sio lazima ukufae wewe mwenye mtoto wa miaka miwili anayeamka saa tisa usiku anakohoa.

Sisi tulikosea saa. Dalali alitupeleka kuona nyumba saa nne asubuhi, na saa nne asubuhi hakuna mtaa mbaya jamani, watoto wako shule, baa zimefungwa, jua linawaka, mke wangu akasema hapa hapa, tukalipa miezi sita. Ijumaa ya kwanza ndo tukajua kile kibanda cha mabati nyuma ya ukuta ni grosari, tena ina sabufa, vikombe vinagongana kabatini na mtoto analia mpaka saa nane za usiku. Kwaiyo nenda mara tatu: asubuhi saa kumi na mbili na nusu uone kama bajaji zinapatikana, Jumamosi usiku usikie, na siku mvua imetoka kunyesha. Dalali atanuna, muache anune.

Hiyo ya mvua usiiruke. Mbeya mvua zinaanza kwenye Novemba hivi mpaka Aprili, ile barabara ya vumbi uliyopita vizuri mwezi wa tisa, mwezi wa pili bajaji inakushusha lamini na mtoto mgongoni unamalizia kwa miguu kwenye utelezi. Alafu inua macho uangalie kilicho juu ya nyumba. Mji wetu umekaa chini ya milima na watu wanapenda nyumba za mteremkoni, usiku unaona taa zote, raha sana, ila Aprili 2024 tope lilishuka toka mlima Kawetere likafunika nyumba za watu kule Itezi. Nyumba iliyo chini ya mteremko uliolimwa au usio na miti mimi naipita hata wakinipunguzia kodi, na iliyo pembeni ya korongo pia.

Sasa baridi. Tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mtu wa Dar akija mwezi wa sita anadhani anaumwa. Ukiingia ndani tafuta vyumba vinavyopata jua la asubuhi, fungua kabati la ukutani unuse, gusa pembe za ukuta nyuma ya mlango, ukikuta weusi weusi au harufu ya unyevu ujue hapo kifua cha mtoto hakitapona. Nje nako, kama ukuta wa jirani umeziba jua uani, nepi hazikauki mwezi wa sita na wa saba, utakuwa unazipiga pasi. Na tafadhali usije ukaingiza jiko la mkaa chumbani mpate joto mkalala nalo, ile hewa haina harufu na inaua.

Maji usiulize, angalia. Ukiona madumu ya njano yamepangwa nyuma ya nyumba, mgao upo, fungua bomba mwenyewe.

Barabara kuu ya kwenda Tunduma inakata mji, malori ya Zambia yanapita usiku na mchana, na ukikaa jirani nayo usafiri ni bwerere. Lakini kama chekechea iko ng'ambo, mtoto na dada wa kazi watavuka hiyo lami mara mbili kila siku ya shule, mimi hapo nasema hapana, bora shule ya kawaida upande wenu. Pima na umbali wa hospitali usiku, Meta ndo hospitali ya mama na mtoto, muulize bajaji wa kijiweni kama saa nane usiku anakuja ukimpigia. Atakavyojibu utajua na usalama wa mtaa.

Mitaa inayokua kama Isyesye na Ituha isikutishe, unaweza kupata uwanja wa mtoto kukimbia kwa kodi ya chumba cha mjini, ila huko kagua barabara mara mbili zaidi.

Kabla ya kulipa uliza luku ni ya kwako peke yako au mnachangia, kwenye luku ya kuchangia majirani wanahesabiana mpaka pasi, na wewe una nepi. Andikishaneni, mpitie na kwa mjumbe. Na kama unaweza usihame mwezi wa tatu, magodoro yatalowa juu ya kirikuu na jua la kuyaanika utalisubiri.