Mikorosho ya klabu ya mazingira: anzeni Oktoba

Klabu ikiotesha mikorosho Agosti, miche huzeeka kwenye viriba (mifuko ya kuoteshea miche) kabla mvua za Mtwara hazijaanza, na mzizi mkuu hujikunja chini. Anzeni Oktoba. Mwageni korosho ghafi kwenye ndoo ya maji: zinazoelea tupeni, zilizozama ndizo mbegu. Fukieni kama sentimita 3, upande uliokuwa umeshikana na bibo ukiangalia juu. Ikigeuzwa, mche hutoka umepinda. Zamu ya kumwagilia wapeni kidato cha kwanza na cha tatu. Wa pili na wa nne Novemba wana mtihani wa taifa, hata wakiapa watakuja. Shule ikifungwa Desemba, kila mwanachama aondoke na miche yake akaipande nyumbani.