Taa ya DPF imewaka: kabla hujalipia chujio jipya Uingereza

Karibu kila gari dogo la dizeli lililosajiliwa jipya Ulaya tangu 2011 lina chujio la masizi kwenye bomba la moshi, ambalo mafundi huliita DPF. Linanasa masizi, kisha linayachoma likipata joto la kutosha. Linaloliua ni safari fupi: maili tatu kwenda zamu, tatu kurudi, katikati kupeleka watoto shule. Injini haijapata moto, umeshaizima.

Taa ya njano ya DPF ikiwaka peke yake, hujachelewa. Hakikisha tangi limevuka robo, maana chini ya hapo magari mengi hukataa kuanza kuchoma. Ingia motorway, kaa kwenye maili 50 hadi 60 kwa saa, gia moja chini ya uliyoizoea ili mizunguko ya injini icheze kati ya 2,000 na 2,500, dakika 20 bila kusimama. Gari litaongeza dizeli kidogo ili joto la chujio lifike nyuzi 600 hivi. Utajua linachoma likiwa ni lile lenye kawaida ya kujizima lenyewe kwenye taa za barabarani, nalo likagoma kujizima, au feni ikiendelea kuvuma kwa nguvu baada ya kuegesha, na harufu kali ya moto chini ya gari. Usilizime katikati ya kazi hiyo, wala usiegeshe juu ya nyasi kavu.

Ikiwaka pamoja na taa ya injini, au gari limekosa nguvu, acha kuhangaika barabarani. Kompyuta imeshazuia uchomaji, na hapo fundi mwenye mashine ndiye wa kusoma misimbo ya hitilafu na kulazimisha uchomaji, mradi masizi hayajapita kiwango cha usalama.

Kabla ya kukubali bei ya chujio jipya, uliza limezibwa na nini. Anza na vya bei ndogo. Kuna mipira miwili myembamba inayotoka kwenye chujio hadi kwenye sensa ya msukumo. Ikunje taratibu upande wa chujio, kwani huko ndiko joto huikausha ikapasuka, na sensa ikaanza kudanganya. Kisha themostati: kama joto la maji halikaribii nyuzi 90 hata baada ya nusu saa ya mwendo, huenda imekwama wazi, na gari huenda lisichome kabisa. Halafu vali ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini), nozeli zinazovuja, turbo inayopitisha oili. Ukifunga chujio jipya juu ya nozeli mbovu, utarudi gereji mapema sana.

Pima oili pia. Uchomaji ukikatizwa kila mara, dizeli hupenya hadi kwenye oili na kiwango hupanda badala ya kushuka. Ikivuka alama ya juu, usiwashe injini. Badilisha oili na filta yake. Weka ile ya majivu machache iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, mara nyingi yenye alama ya kiwango ACEA C2 au C3. Majivu ya oili hayachomeki. Hayo huondolewa kwa kulifungua chujio na kulipeleka kuoshwa kwa mashine. AdBlue, kimiminika cha kupunguza sumu ya moshi chenye tangi lake, haihusiki na kuchoma masizi, na ukiimimina kwenye tangi la dizeli unajitafutia gharama kubwa zaidi.

Atatokea wa kukwambia alikate chujio, alitupe. Tangu Februari 2014 gari lisilo na DPF iliyokuja nayo halipiti MOT, ule ukaguzi wa lazima wa magari Uingereza, na faini kwa gari dogo hufika paundi 1,000. Kulitoboa ndani na kulichomelea tena ni kosa lilelile.

Na kama gari hilo la dizeli unalinunua kulisafirisha nyumbani, mwambie fundi akusomee kiasi cha masizi, cha majivu, na umbali tangu uchomaji wa mwisho uliokamilika. Fanya hivyo kabla ya kulipa.