Somo: Kuondoa tangazo la biashara yako kwenye tovuti za aibu

Naandika mara moja, atakayenipigia tena nitamtumia hii. Wenye nyumba za wageni Mikindani, wabanguaji wa korosho Masasi, wenye maduka Lindi mjini, kilio ni kimoja: mteja katuma skrinshoti, tangazo letu limekaa chini ya udaku na picha za nusu utupu.

1. Ingia akaunti yako ya Google Ads, pale unapolipia matangazo ya Google, kwa kompyuta.

2. Fungua ripoti ya mahali tangazo lilipoonekana. Panga kuanzia palipoonekana mara nyingi zaidi.

3. Weka alama kwenye tovuti, chaneli za YouTube na programu za simu usizozitaka.

4. Zifungie kwenye AKAUNTI NZIMA. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Ukizifungia kwenye kampeni moja, kampeni ile ndiyo inayopona peke yake. Msimu wa korosho ukifika mnafungua kampeni mpya, na tangazo linarudi kulekule, huku bosi anaapa mlishafunga. Jina la tovuti liandike lenyewe tu. Ukibandika anwani ndefu ya habari moja, umefunga habari hiyo na tovuti imebaki wazi. Na ukienda kuhakiki, usibofye tangazo lako. Unajilia hela mwenyewe.

5. Kwenye mipangilio ya maudhui, zima makundi yasiyokufaa.

6. Rudia hatua ya 2 kila wiki. Tovuti mpya zinazaliwa kila siku.

Maswali

Mdau wa Newala: Haifanyi kazi.
Umefungia wapi, kampeni au akaunti? Soma namba 4.

Mdau wa Newala: Nimesoma yote, bado.
Umesoma ukaweka anwani ndefu. Namba 4 tena.

Dada wa Shangani: Kaka, samahani, kwa nini litokee huko wakati sisi hatukuchagua?
Swali zuri, dada. Matangazo haya mara nyingi hununui ukurasa, unanunua macho ya mtu. Aliyetafuta vyumba Mtwara asubuhi, usiku akiingia tovuti ya kubeti, tangazo lako linamfuata. Hata wakubwa yamewakuta: Machi 2017 serikali ya Uingereza na gazeti la The Guardian walisimamisha matangazo yao YouTube baada ya kutokea kwenye video za wenye itikadi kali. Kwa hiyo aliyetuma skrinshoti mjibu kwa heshima: mshukuru, mwambie umefunga. Usimuulize alikuwa anafanya nini huko.

Mzee wa Nachingwea: Tovuti ya kubeti imeweka nembo yetu, na sisi hatujalipia tangazo lolote.
Shikamoo mzee. Hilo si tangazo, ni wizi wa nembo, hatua hizi hazitasaidia. Piga picha ukurasa ukiwa na tarehe, kisha waandikie waitoe. Kama nembo mliisajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, ambatanisha cheti, mtakuwa na nguvu zaidi.

Dada wa Shangani: Na hawa wa Instagram tunaowalipa watutangaze?
Kabla hujalipa, shuka kwenye ukurasa wake mpaka posti za mwaka jana, usome na maoni. Halafu mkubaliane kwa maandishi posti yako ikae hapo muda gani, na haki ya kuitoa iwe yako.