Unafufua injini ya pikapu ya zamani kwa hela ya bumu (mkopo wa wanachuo)? Spea mwisho kabisa

Wadau mlioko chuo na mna pikapu mzee, tuseme Hilux yenye ile injini ya dizeli ya Toyota inayoitwa 2L, tafadhali msinunue pistoni wala beringi kabla injini haijafunguliwa na kupimwa. Watu wanakimbilia dukani wanabeba seti ya STD (saizi ya kiwandani) alafu fundi wa kuchonga anapima krenki anakuta inabidi ichongwe, inataka beringi ya 0.25 (milimita), hela imeshaenda na duka halirudishi. Geuza beringi ya zamani uangalie mgongoni, mara nyingi saizi imegongwa pale, ikiandikwa 0.50 ujue krenki ilishachongwa huko nyuma.

Kazi ya kufungua na kuosha kwa dizeli fanya mwenyewe, hapo unaokoa hela nzuri tu. Ila kepu za maini (vifuniko vinavyoshika krenki) na za koneki rodi zipige alama kila moja na upande wake, zikichanganyika umeumia.

Hedi ndo ya kuogopa kwenye 2L, inapenda kupasuka kati ya valvu, ipeleke ikapimwe presha kwanza. Valvu unaweza kuzicheki nyumbani, laza hedi ubavu matundu ya manifodi yaangalie juu, mimina mafuta ya taa humo, ukiona yanavujia pembeni ya valvu basi zinahitaji kusagwa.

Pa kubana bana, ila gasketi ya hedi nunua mpya na nzuri jamani, hata kama itabidi usubiri bumu lijalo.